Shawa ya Mama Mzee

Mjukuu wangu Wafula,

Sijamwambia mtu jambo hili: shawa inayosifiwa nyumbani kwa meneja ninakofanya kazi niliifunga mimi, si Fundi Odhiambo.

Sisi wazima. Najua utacheka dada yako kukuita mjukuu, lakini jina la nyanya ninalo mimi.

Umeuliza kama nimeandikwa kazi. Mama yake meneja alikataa kuingia kwenye beseni refu la kuogea. "Mimi si kiazi cha Londiani nilowekwe," alisema. Fundi akaunganisha mpira wenye shawa ya mkono kwenye mfereji wa zamani wa bafuni, lakini kila nikifungua maji mpira ulichomoka. Mke wa meneja akaniambia, "Mama asipooga kufikia Jumapili, urudi kwenu."

Nikakumbuka ulivyofunga pampu yako kwa tyubu ya baiskeli. Nikakata utepe wa tyubu kuukuu, nikauzungusha pale mpira unapoingia mfereji, nikakaza. Maji yakaja, mpira ukatulia, nami nikapumua. Mama mzee alioga akiwa kwenye kigoda. "Usifunge bado, msichana," akasema.

Fundi alipokuja akamwambia mke wa meneja, "Si nilikuambia itashika?" Nikanyamaza. Shuleni walinikemea kwa kunyamaza, lakini siku hiyo kulifaa.

Nimeandikwa. Fundi ndiye aliyeniombea kazi hii, na sasa anatembea akipiga mluzi. Tafadhali usimwambie mtu, hata baba.

Nyanya yako,
Nekesa