Doa Jekundu kwenye Negativu ya Mama

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na magoti bado yanakuruhusu kupanda ngazi. Sisi huku wazima, na mama ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "eeh, eeh", halafu unanijibu jambo ambalo sikukuuliza.

Ile picha ya mama ya ujana iliyokuwa juu ya kabati imelowa paa lilipovuja. Imebaki karatasi yenye madoa. Daktari ameshauri mama awekewe picha za zamani karibu na kitanda, labda zitamsaidia kukumbuka. Ndipo nikalifungua lile boksi ulilotuachia ulipofunga studio. Negativu yake, ile filamu iliyochapiwa picha, nimeipata, kubwa ya kujaa kiganja. Ina doa jekundu upande mmoja, nadhani ni uzee tu.

Karatasi za picha za enzi zenu siku hizi hazipatikani, kwa hiyo nimeamua kuichapa kwa buluu kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo: dawa mbili, karatasi, jua, maji. Niliipeleka negativu duka la steshenari wakaiskani, wakanitolea nakala kubwa kwenye plastiki angavu. Nikaipanga juu ya karatasi niliyoipaka dawa, nikaanika juani, ikatoka buluu ya kupendeza. Nikaiosha nikaitundika. Kufika jioni imefifia, imekuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nimekosea wapi?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, magoti yanalalamika lakini yanatembea. Msalimie sana dada yangu.

Kwanza niambie, uliosha na nini? Nakujua. Wewe ni fundi cherehani, kwako kila kitu ni nguo. Kama ulitia sabuni ya unga, basi umeifukuza buluu kwa mkono wako mwenyewe. Buluu hii na sabuni ni paka na panya. Osha kwa maji matupu mpaka umanjano uishe, basi.

Pili, karatasi. Nyingi za siku hizi zimetiwa chokaa ziwe nyeupe, na chokaa nayo ni adui. Dondoshea siki kwenye kona. Ikitoa mapovu, hiyo wape watoto wachoree.

Tatu, negativu yenyewe isiguse maji. Hata tone. Ukimaliza irudishe kwenye bahasha yake.

Mjomba wako

26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nimeona haya hata kukwambia: ilikuwa sabuni ya unga, tena vijiko viwili. Nilidhani naondoa uchafu. Karatasi nayo ilitoa mapovu kama soda. Nimebadilisha vyote na sasa buluu haifi.

Lakini limezuka jingine. Pichani mama amekaa kwenye kigoda, nyuma yake kile kitambaa cheupe cha studio. Kando ya kichwa chake, juu ya kitambaa, kuna kama wingu la buluu hafifu. Kwenye picha ya zamani halikuwepo. Na nimegundua jambo ambalo miaka yote sikulitazama: nywele za mama zimesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili zimetimka. Nani anakwenda studio na nusu kichwa? Au ni dawa imekula nywele?

Nilimwonyesha. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Dada yangu mbona simwoni?" Nikamwambia, mama, wewe ndiye kifungua mimba, huna dada. Akanigeuzia mgongo. Mjomba, inaniuma. Wiki ya tatu sasa hataki mtu amguse kichwa, si mimi, si jirani yetu msusi. Kila tukimkaribia na kitana anasema atamalizia dada. Nywele zimefungana, na kichwani anapolalia mto ameanza kupata vidonda. Natamani nipate picha safi imtulize, akubali tumhudumie.

Wingu hili linatoka wapi?

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa kazi ya kumuuguza mama, si ndogo.

Wingu huletwa na mambo mengi. Brashi yenye chuma hutia madoa, tumia ya sifongo. Maji ya bomba yana kutu, kinga maji ya mvua. Kioo cha kugandamizia kinaweza kuwa na mafuta ya vidole. Dawa iliyokaa sana nayo huwa na visirani vyake. Au karatasi haikukauka vizuri kabla ya kuanikwa. Jaribu kimoja kimoja.

Vyote vikishindikana, chukua mkasi ukate upande huo. Mama abaki peke yake, picha itapendeza tu.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi magoti, nina haraka.

Nimebadilisha brashi. Nimekinga mvua. Kioo nimekisugua mpaka nikajiona. Dawa mpya, karatasi za aina nne. Nimechapa picha kumi na moja, chumba changu cha kushonea kimegeuka buluu, na mteja mmoja ameondoka na alama ya kidole kwenye gauni la harusi. Wingu liko palepale. Haliongezeki, halipungui, halihami. Uchafu gani una adabu hivyo?

Katika ya tisa nilianika muda mrefu zaidi. Mjomba, wingu lina vidole. Ni mkono wa mtu, umeshika kitana, umeingia kwenye nywele za mama.

Nikasema nimechoka, macho yananidanganya. Nikaiacha plastiki ya skana nikaweka negativu yenyewe moja kwa moja juu ya karatasi, picha ndogo ya ukubwa wake. Imetoka safi. Hakuna wingu, hakuna mkono. Nikarudia plastiki, mkono upo. Nikarudia negativu, mkono haupo. Negativu ni ileile na jua ni lilelile. Nimeziweka mbili hizi kwenye meza ya kukatia na nimechanganyikiwa, sijui niamini ipi. Mwenye duka ameapa hakuongeza kitu, na simwoni akiwa na muda wa kuchora vidole.

Wewe ndiye uliyepiga picha hii. Niambie kuna nini.

Mpwa wako

30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu umeipata, dereva wa basi anasema alikukabidhi mkononi na ukaisoma hapohapo kituoni. Mwezi unakwisha. Wewe ambaye ulinijibu kuhusu sabuni ndani ya siku nane.

Jana daktari amesema vidonda vikizidi, mama atanyolewa kwa nguvu. Aliposikia alikishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Sijawahi kumwona mama akilia. Akasema, "Ataanzia wapi akija?"

Nilidhani ni mama anayepotea. Sasa naona ni mimi. Mficha maradhi kilio humfichua, Mjomba. Unanipiga chenga tangu barua ya kwanza. Lile doa jekundu ni nini, na kwa nini negativu isiguse maji?

Mpwa wako

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Mama yako si kifungua mimba. Tulikuwa watatu. Alikuwepo Dada Mkubwa, aliyempita mama yako miaka miwili. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Siku ile nilikuwa nimekabidhiwa kamera peke yangu kwa mara ya kwanza, nikawaita waje niwapige. Walifika kabla ya nywele kwisha, Dada Mkubwa akasema hapotezi muda, atasuka wakati mimi nahangaika na taa. Nikabonyeza akiwa anasuka. Ndiyo picha bora niliyopata kupiga maishani.

Wiki ileile alikataa mume aliyechaguliwa na baba, akaondoka na fundi redio. Baba akasema nyumbani kwake hayumo, na kwenye picha asiwemo. Akaniletea wembe, nimkwangue kwenye negativu. Jina lake halikutajwa tena, ndiyo maana wewe hukulisikia.

Wembe ukipita haurudi nyuma, mwanangu. Sikuweza. Nikachukua ile rangi nyekundu tuliyokuwa tunazibia makosa studio, nikampaka mwili mzima. Karatasi ya picha haioni mwanga uliopita kwenye wekundu, kwa hiyo pale pakatoka peupe, akamezwa na kitambaa. Karatasi yako ya buluu ni vivyo hivyo, ndiyo maana negativu yenyewe imekupa picha safi. Taa ya skana ina mwanga wa kila rangi na inapenya wekundu, ikamwona. Hukukosea popote tangu uache sabuni. Nilikuhangaisha na brashi na mvua nikijua.

Rangi hiyo hutoka kwa maji. Niliichagua kwa sababu hiyo. Nilijiambia baba akipoa nitaiosha. Hakupoa. Alipokufa nikajiambia nitaosha msiba ukipita. Imepita miaka arobaini na moja. Mama yako aliitazama picha ile kila siku juu ya kabati na hakunilaumu hata mara moja, nami nikaufanya ukimya wake kuwa msamaha. Nilikuwa mwoga, na ndilo neno lake.

Chukua pamba na maji baridi. Pitisha polepole, usisugue. Negativu iguse maji.

Mjomba wako

15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku mbili nzima, nikashona kola mbili kichwa chini. Sasa nimepoa kidogo, si sana.

Nimeosha. Pamba tatu zimekuwa nyekundu. Nilipoinua negativu dirishani alikuwepo mzima, mrefu, amejiinamia na ulimi umetokeza kidogo kwa kuzama kazini, kama mimi ninapotunga uzi. Nimechapa moja tu, haikuwa na wingu wala doa.

Mama aliishika kwa muda mrefu. Mimi ananiita nesi siku hizi, na jina lako amelisahau tangu mwaka jana. Lakini aliweka kidole juu ya ule mkono wenye kitana akasema, "Haya, endelea." Akainamisha kichwa, akangoja. Nikanyoosha mkono, akaufahamu kuwa si wenyewe, akausukuma.

Vidonda vimezidi, kunyolewa ni tarehe mbili Julai. Nimechapa picha ya pili na nimeiambatanisha hapa. Sijui kama Mama Mkubwa yu hai. Kama unajua, unajua pia la kufanya.

Mpwa wako

24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikuwa najua. Anakaa mtaa wa nyuma ya soko nililokuwa nanunulia karatasi za studio. Miaka yote nilipita kwa njia ya mbali ili nisikutane naye.

Jana nimepita ile ya karibu. Nilipiga hodi, akafungua, akanitazama kuanzia viatu. Nikampa picha. Akaenda nayo dirishani. Akauliza nani ameichapa, nikasema mtoto wa mdogo wako. Akauliza mbona buluu, nikaanza kumweleza habari za dawa na chokaa, akaniambia ninyamaze nikae. Nimemweleza mengine yote. Chai alinipa, mkono hajanipa. Sina neno.

Ameomba barua hii kabla sijaifunga. Yanayofuata ni mwandiko wake.

Mjomba wako

Mwanangu,

Hatujuani, tutajuana. Nafika kwa basi la Ijumaa, kabla ya hiyo tarehe mbili. Waambie wakae mbali na hicho kichwa na mikasi yao. Tafuta mafuta na kitana cha meno mapana, na umkalishe mama yako kwenye kigoda kifupi. Nilibakiza upande wa kushoto.

Mama yako Mkubwa