Nilipoulizwa Kama Nina Ndugu

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika pamoja na picha ya mtoto. Pua hiyo ni ya baba kabisa. Huku hatujambo, ila goti langu limezeeka kabla yangu. Birika la ofisini bado linavuja, na mchungaji bado anasema atalitengeneza.

Vyumba viwili vya kupokea wakimbizi nyuma ya kanisa viko tayari tangu mwaka jana. Kila Jumatatu nakung'uta mashuka ambayo hayajalaliwa hata siku moja.

Umeuliza habari za faili lako. Wiki iliyopita shirika letu la kanisa lilipeleka kwa wakubwa wa serikali orodha ya wanaosubiri, nawe umo, pamoja na tamko: wakimbizi wapokelewe kwa haki, asibaguliwe mtu kwa dini, asipendelewe kwa undugu, aliyetangulia kusubiri atangulie kuitwa. Niliyeliandika ni mimi, nikifikiria miaka yako kumi na moja kambini.

Ofisa alilisoma, mimi na mchungaji tukiwa mbele yake, akainua macho. "Kuna mwenye ndugu kwenye orodha hii?"

"Hakuna, mheshimiwa," mchungaji akajibu. Hajui.

Ofisa akanigeukia mimi. Ningekubali, tamko la watu wote lingegeuka ombi la dada mmoja. Nikasema sina ndugu.

Akalitia drooni, akafunga. "Tutaona."

Najua kwenye fomu uliandika jina langu. Wakikuita wakakuuliza kama una dada huku, jibu utakavyoona. Mimi nimeshajibu.

Nibusie mtoto.

Ni mimi,
dada yako