Nimempigia Magoti Mtu Ninayemkimbia

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa sita, kisha jua kali likatoka na Kibuli nzima ikanuka tope na nguo mbichi. Mimi sina hali. Naandika kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza aniulize, "Kwani alikufanya nini?"

Kwa msiojua: mimi ni Mkenya, nauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kisenyi, hapa Kampala. Mwaka jana alikuja mwanamume kununua misumari, kilo mbili. Nikampimia, nikamwambia karibu tena. Hayo ndiyo mapenzi yetu yote.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hanunui kitu, anasimama ng'ambo ya barabara mpaka tufunge. Akapata nambari yangu, sijui kwa nani, na jumbe zikaanza: umevaa sweta ya kijani, umekula chapati, mbona unatembea haraka. Nimebadilisha laini mara tatu na kila mara anaipata mpya. Nilikuwa naishi Kalerwe. Siku aliyonitumia picha ya mlango wangu nilihama, nikaja huku Kibuli kukodi chumba kwa Hajati.

Sijawahi kuwa na huyu mtu. Hata soda yake sijanywa. Jina lake nimelijua leo.

Polisi nimeenda mara mbili. Askari aliniuliza kama ni mume wangu. Hapana. Mpenzi? Hapana. Amekupiga? Hapana. Akafunga kitabu, akasema nimshukuru Mungu nimepata wa kunipenda. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane mshamba, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Leo mchana nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, Hajati akaniita sebuleni kusalimia wageni. Hajati ni mwenye nyumba, lakini hapa Kampala ndiye mama yangu. Nikiugua ananipikia uji. Ndiye pia aliyenifundisha kuwa binti mwenye adabu huwasalimia wageni kwa magoti, na siku hizi magoti yanakunjika yenyewe. Niliingia macho chini, mikono ina povu la sabuni, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikasalimia.

Nikainua uso. Ni yeye.

Amevaa kanzu nyeupe na koti juu, wazee wawili pembeni yake. Mezani kuna sukari, mkate na sabuni, na chini ya meza kuku amefungwa miguu. Alitabasamu kama mtu aliyefika kwake. Mzee mmoja akaangalia magoti yangu, akasema, "Eh, huyu amekubali," na Hajati akapiga vigelegele.

Nikakimbia chumbani nikajifungia. Nikawasikia wakicheka, wakisema ni haya za bibi harusi.

Walipoondoka, Hajati alikuja kugonga, na Kiswahili chake cha Kiganda. "Rose, fungua bambi, tafadhali. Huyu mtu iko na adabu. Imekuja na wazee yake, imeleta na sukali. Sasa wewe naogopa nini?"

Nikafungua. Nikamweleza yote, nikamsomea zile jumbe mmoja mmoja. Ujumbe wa kumi hivi akaketi kitandani. Wa ishirini akashika mkono wangu niache kusoma. Akaniuliza mbona sikumwambia. Nilimwambia! Miezi miwili iliyopita nilimwambia kuna mtu ananifuata kutoka kazini, akacheka, akasema msichana mzuri lazima afuatwe. Nikamkumbusha. Akalia.

Akasema vile vitu vyote vitarudishwa leo leo, hata kuku. Halafu akasema jambo jingine akiangalia ukuta. Wale wageni walimwuliza wazazi wangu wako wapi, ili mambo yafanyike kwa heshima. Naye kwa furaha akawapa nambari ya mama, ile aliyonayo tangu nilipougua malaria.

Mama yuko Kakamega. Siku zote nilijiambia kwamba mambo yakizidi nitapanda basi, nivuke mpaka wa Busia, nikajifiche kwa mama. Sikuwa na mpango mwingine.

Nilimpigia papo hapo. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena na tena, inatumika, karibu saa nzima. Aliposhika, alikuwa na sauti ya sherehe. "Mwanangu, mbona ulinificha? Kijana ana heshima huyo! Nimemwelekeza mpaka langoni. Anakuja Jumamosi."

Nikamwambia, Mama, kaa chini, usinikatize. Nikamsimulia kila kitu. Mama akasema, "Nakuamini." Nimelia kwa neno hilo kuliko nilivyolia kwa lolote mwaka huu, kwa sababu ni yeye wa kwanza kulisema.

Kesho asubuhi naenda polisi mara ya tatu. Hajati anakuja nami, ataeleza alichokiona na nani aliingia nyumbani kwake. Jumbe zote nimezinakili kwenye daftari, na siku alizosimama pale barabarani, zile ninazozikumbuka. Sijui kama watanisikiliza. Na wewe unayesoma, binti akikwambia kuna mtu anamfuata, tafadhali usimtanie. Mwulize anaogopa kupita wapi, umsindikize.

Ni saa kumi na mbili jioni. Mama anaishi peke yake. Jumamosi nani atakuwa naye?