Baba Yumo Ndani, Mimi Nimezuiwa Mlangoni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Na wifi na watoto, wazima? Sisi huku tuko salama, ila cherehani yangu inakohoa kuliko bibi kizee.

Uliniambia unakuja mwisho wa mwezi kumchukua Baba akaishi kwako, kwa sababu jirani kakupigia simu kwamba mzee anaonekana mtaa wa madisko, kule kwa watalii. Ukaniagiza nikamtoe kabla hajatuaibisha. Nami Jumamosi iliyofuata nikajifunga kibwebwe, nikaenda.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya hoteli kubwa. Wanapiga muziki wa zamani kuanzia jioni, na vijana hawatakiwi: chini ya miaka arobaini huingii, uwe mtalii au mwenyeji. Bawabu, pande la mtu, alikitazama kitambulisho changu, akanitazama usoni, akaniambia kwa adabu zote nirudi nikikua. Mimi, mama wa watoto watatu! Nikamwambia baba yangu yumo ndani. Akasema basi nisilie, mzee akitoka atanipeleka nyumbani.

Nikabaki nje nimenuna. Mara nikasikia kicheko cha Baba, kile cha kupaliwa, ambacho sikukisikia tena tangu tumzike Mama. Nikachungulia dirishani. Alikuwa anacheza, Kaka! Shati limemlowa mgongoni, anamfundisha mtalii mmoja mwenye mvi kuzungusha kiuno, na yule bwana anakosea vibaya sana. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Sasa nikwambie ukweli, na usinikasirikie. Sikumtoa. Niliposema kwenye simu kwamba nimemkanya, nilikudanganya. Tangu siku ile mimi ndiye ninayempigia shati pasi, mimi ndiye ninayemsindikiza hadi mlangoni, kisha nakaa na bawabu kwenye viti vya plastiki mpaka atoke. Siku hizi anakula. Juzi aliomba aongezewe.

Nakuomba usimchukue. Ameniambia ana hamu mtoto wake mmoja, hata mmoja tu, aingie amwone anavyocheza. Mimi nimejaribu kumbembeleza bawabu, hasikii la mtu. Lakini wewe arobaini umeshaivuka, Kaka. Njoo Jumamosi, na usisahau kitambulisho.

Mpe wifi salamu zangu, na wanao uwabane mashavu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeambiwa nikue kwanza.