Pwani Aliyoiuza Shiraz

Anse Morel, 9 Machi 1998

Kaka Hafidh,

Salamu nyingi kutoka huku Karibiani. Mimi mzima wa mwili. Kifua chako kinastahimili baridi ya Hounslow? Mwanao Miska hajambo?

Kaka, aliyetuuza ni Shiraz, mtoto wa ami yetu. Mume wangu Magloire alipofariki, Shiraz alikuja kunihani, akakaa kwetu akila samaki wa mamkwe wangu, Mama Sidonie. Bibi wa watu akamsimulia kila kitu: watumwa walioachwa huru walivyoinunua pwani hii kwa mwenye shamba la miwa, wakajenga nyumba za mbao, wakaishi kwa samaki wa chumvi, na ardhi ikarithishwa kwa mdomo, bila hati. Shiraz akasikiliza kwa adabu. Kisha akarudi na wenye hoteli na mawakili wao, wakaitwaa pwani kwa kuwa hatuna hati.

Juzi tingatinga limepita juu ya makaburi. Kaburi la Magloire limo. Mama Sidonie kaniuliza, "Yule si ndugu yako?"

Simsamehe.

Dada yako, Najla

Hounslow, 2 Julai 1998

Mdogo wangu Najla,

Pole sana. Sisi wazima, kifua ndicho kile kile. Nimemwendea Shiraz aliporudi huku. Anasema sheria ilimruhusu, na kijiji kitapata maendeleo. Nimerudi nina hasira, lakini ni damu yetu. Mwachie Mungu.

Kaka yako, Hafidh

Anse Morel, 15 Februari 2003

Kaka,

Natumai nyote wazima. Miaka yote hii sikukuandikia kwa sababu ya lile neno, mwachie Mungu.

Maendeleo yamefika. Lami ipo, umeme upo. Vijana wanafua mashuka ya wageni, na wavuvi wanafukuzwa na walinzi pwani kwao. Mama Sidonie amekufa. Tumemzika mlimani, peke yake.

Nasikia Shiraz anamposea mwanawe Sultan binti yako Miska. Mkatalie. Mkatalie mbele za watu, na uwaambie kwa nini.

Najla

Hounslow, 20 Mei 2003

Mdogo wangu,

Nimefanya. Ukumbi wa posa umejaa, sahani zimeshapangwa, nikasimama nikaeleza yote. Shiraz akasema, "Hafidh, unanivunjia heshima mbele za watu?"

Nikamwambia, "Na wewe makaburi uliyavunja mbele za watu."

Wazee waliondoka bila kula. Msikitini sasa watu wanampa mkono shingo upande. Lakini garini Miska aliniuliza Sultan amekosa nini. Amehamia Edmonton, hapokei simu yangu. Niambie, moyo wako umepoa?

Kaka yako, Hafidh

Anse Morel, 3 Januari 2004

Kaka yangu,

Kifua vipi? Miska kanipigia simu mimi. Yeye na Sultan wameoana huko huko Edmonton, bila baba yeyote.

Uliuliza kuhusu moyo wangu. Haujapoa, wala sitaki upoe. Wewe nenda ukamwone mwanao, umbebee halua, ukae na mumewe mle pamoja. Shiraz niachie mimi.

Dada yako, Najla