Namwonea wivu marehemu kwa ajili ya soksi ya Krismasi

Mpendwa Anti Ketrina, naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke, maana jambo lenyewe hata mimi nikilisema kwa sauti naona aibu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, kwetu Ileje, nauza spea za malori Tunduma, na miaka minne iliyopita nilimwoa Restuta, mjane wa Vwawa mwenye binti mmoja, Fides, ambaye sasa ana miaka tisa, tukakubaliana tuishi katika nyumba aliyoiacha marehemu mume wake, Wiliam, kwa hiyo bati ni lake, mibuni nyuma ya nyumba ni yake, na jirani akimwelekeza mgeni kwangu husema, "Yule anayekaa kwa Wiliam," nami nikavumilia yote hayo. Kilichonishinda ni soksi.

Kwao Restuta wana desturi tangu kwa mama yake, kila mwezi wa kumi na moja wananunua masweta ya mitumba, wanayafumua, na kwa uzi huo wanafuma soksi kubwa za Krismasi kwa sindano za spoki za baiskeli, mama na binti wamekaa barazani, kila mtu wa nyumbani na soksi yake mpya yenye jina, kisha zinatundikwa kwenye kamba sebuleni na asubuhi ya Krismasi unakuta ndani karanga, peremende, daftari, leso. Ni desturi nzuri, sikatai. Lakini kila mwaka wanafuma nne wakati tuko watatu, na ya nne ni ya Wiliam, nyekundu, ndefu kuliko zote, nayo hukaa katikati, yangu iko mwishoni karibu na mlango, na mwaka juzi jina langu liliishia njiani kwa sababu uzi ulikwisha. Niliwahi kusema kwa mzaha, "Huyu naye anakula karanga huko aliko?" Restuta akanijibu taratibu, "Ni ya mtoto, Baba Fides. Iache."

Sasa Krismasi hii iliyopita, tarehe ishirini na nne alasiri, wao wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilibaki peke yangu na zile soksi, nikaingiza mkono kwenye ya Wiliam, nikatoa karatasi yenye mwandiko wa Fides: "Baba, nimekuwa wa nne darasani. Sijamwambia mtu bado." Anti, mimi ndiye niliyekaa na mtoto huyo jioni za miezi mitatu nikimfundisha kugawanya kwa vizibo vya soda, na habari ya kuwa wa nne imepelekwa kwa mtu aliyelala kaburini huu mwaka wa sita. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaichukua soksi pamoja na karatasi yake, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaitumbukiza chooni.

Walirudi usiku, mtoto akapitiliza kulala. Asubuhi nilingoja kilio. Fides akaitazama kamba, akautazama mlango, akasema, "Mama, baba amekuja kuichukua." Alikuwa na furaha ambayo mimi sijawahi kumpa. Akasimulia kanisani, habari ikafika Msangano kwao marehemu, na baada ya wiki moja mama mzazi wa Wiliam akafunga safari aje asikie kwa masikio yake, mtoto akamhadithia, bibi akalia akimshukuru Mungu, nami nimekaa hapohapo na kikombe cha chai mkononi. Sasa Fides anasema Krismasi ijayo ataandika barua ndefu zaidi na atakesha sebuleni ili amwone.

Restuta hajaniuliza kitu. Siku bibi alipoondoka aliniambia tu, "Nimemwaga majivu chooni. Kulikuwa na uzi mwekundu unaonekana." Akaendelea kuosha vyombo. Huu ni mwezi wa pili.

Nikisema, namvunja mtoto moyo na pengine napoteza ndoa. Nisiposema, marehemu niliyetaka kumtoa ndani ya nyumba ndiye nimemkaribisha. Na kusema kweli, wivu bado upo. Nifanye nini?

Mume wa Pili, Vwawa

*

Mume wa Pili, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, kwa sababu kuishi chini ya bati la mwenzio na kuitwa kwa jina lake si kazi ndogo. Mara ya pili nilikasirika.

Umeshindana na mtu asiye na mikono, kisha adhabu ukampa mtoto. Wiliam hajapoteza chochote. Soksi ile ilifumwa na Fides, na barua ni ya Fides. Tena umeisoma vibaya. Mtoto huanza na yule asiyeweza kumuuliza kwa nini hakuwa wa kwanza. Huenda zamu yako ya kuambiwa ilikuwa asubuhi ile. Na katika barua yako yote ndefu sijaona mahali ulipompongeza.

Kuhusu mkeo, usijidanganye kwamba kuna siri. Aliyekutajia uzi mwekundu amekufungulia mlango, na wewe mpaka leo umesimama nje. Kila mara mtoto anaposimulia, Restuta analazimika kuitikia uongo wako.

Wivu wako nao usemwe, lakini si kwa mzaha wa karanga. Kama unataka jina lako limalizike, mwambie. Kama nyumba ile inakubana, mwambie, mjenge kwingine hata vyumba viwili.

Jumamosi hii funga duka mapema. Mwambie mkeo kwanza, mkiwa wawili: "Niliitupa mimi, kwa wivu." Usiongeze "lakini." Kisha mkamwambie Fides, wewe ukiwa msemaji na mama yake kando. Usisingizie panya, na siku hiyo usimnunulie kitu. Msangano uende mwenyewe, usitume simu wala mke. Yule bibi amezika mwanawe, hastahili kudanganywa juu yake.

Fides atalia, na huenda asikuongeleshe kwa siku nyingi. Usimbembeleze ili wewe upate nafuu. Rudi nyumbani mapema, kaa mahali anapokuona. Akija kukuuliza kwa nini, mjibu ukweli, hata akiuliza mara kumi.

Anti Ketrina