Njano ya Sebuleni

Shikamoo Mama,

Nimekaa sebuleni kwetu Kibamba, mlango wazi, nakuandikia. Ungeshangaa, maana tangu tukuzike Baba alikuwa amekifunga hiki chumba. Chakula tulilia jikoni, wageni tuliwapokea barazani. Ukimuuliza, anasema vumbi la barabarani limezidi. Vumbi gani, Mama, wakati wa masika?

Mie nilinyamaza mpaka kina Elia walipotuma mshenga. Elia unamjua, yule mwalimu wa Bunju uliyemwambia amekonda mno. Siku ya wazee wao kuja ikapangwa, na Baba akasema atakodi turubai wakae nje. Nililia. Nikamwambia, "Baba, huu si msiba. Naposwa."

Kesho yake asubuhi akanipa ufunguo. "Haya, paka hiyo njano yenu."

Njano yetu! Miaka yote ulipomwomba alikujibu kwamba sebule si kibanda cha chipsi. Nawe ulikuwa unavunja yai la kuku wako wa kienyeji, unamsogezea bakuli: "Baba Neema, angalia kiini hiki. Rangi ndiyo hii." Basi nikaenda dukani na yai, Mama. Kweli tena. Ya kwanza ilitoka kali kama dumu la mafuta ya kula. Muuzaji akacheka, akaongeza kahawia tone kwa tone mpaka ikafanana na kiini.

Nilipiga msasa kuta tatu. Nilipofika ule wa nyuma ya kochi lako, Baba akanishika mkono. Pale palikuwa na doa la mafuta yako ya nazi, ulipokuwaga unaegemeza kichwa ukisubiri taarifa ya habari. "Hapo usiguse," akasema. Ndipo nikajua kwa nini alifunga mlango.

Niliweka msasa chini, tukakaa mkekani, na kwa mara ya kwanza tukazungumza habari zako. Alinisimulia mlivyohamia hapa nyumba haina madirisha, ukatundika vitenge vyako vyote, mvua ikavilowesha usiku uleule. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Halafu akainuka mwenyewe, akachukua brashi ndogo, akaupaka ule ukuta polepole, doa akaliacha la mwisho. Alipomaliza alikuwa wa njano mpaka viwiko. Nikamwambia mwali ni mie, mbona kajipaka singo yeye?

Imependeza, Mama. Jua la saa kumi likiingia, hata yale makochi yetu ya zamani yanaonekana ya watu wenye nafasi. Mama Rehema wa jirani ameshakuja kuangalia mara tatu, sasa anamsumbua mumewe.

Kina Elia walikuja Jumamosi. Mzee wao mmoja akazungusha macho ukutani, akauliza nani kachagua rangi nzuri hivi. Nilidhani Baba atababaika. Akasema, "Mke wangu," akaendelea kumimina chai.

Basi Mama, naolewa. Bunju ni mbali, lakini nakuahidi, Baba sitamwacha akae kimya juu yako. Kila nikija atanisimulia jambo lako moja nisilolijua, na wanangu watakujua kwa jina na kwa vituko vyako vyote.

Pumzika, mama yangu. Sie huku tuko salama, na tunakutaja kila siku.

Mwanao,
Neema